Mstari Chini ya Rangi

Sehemu ya Saba

Ko! Ko! Ko!

Hiyo ndiyo sauti tuliyomwacha nayo Sifuna juma lililopita, maji yakiwa yamemfika kiunoni na mkono wake ukiwa kwenye mlango wa chumba nambari tisa. Wapangaji wote walikuwa wameshatoka. Alikuwa amewahesabu mwenyewe getini, mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu. Na bado ndani ya nambari tisa mtu alikuwa akigonga ukuta.

Najua wapo waliosema ni mwizi. Wengine wameniletea ujumbe kwamba ni jini. Poleni sana. Alikuwa ni Mama Wilkister, bibi wa miaka sabini na mitatu, mwenye goti bovu na mkongojo wa mti wa mpera.

"Mama!" Sifuna alipiga kelele. "Si waliniambia ulienda na Wangeci wa mboga?"

"Waliokwambia ndio walienda," sauti ikajibu kutoka ndani, bila haraka. "Mimi niko."

Sifuna alisukuma mlango. Haukusonga. Akausukuma kwa bega, maji yakamrukia usoni.

"Kuna nini nyuma ya mlango?"

"Kabati ya vyombo. Imeogelea ikaja ikalala hapo."

Akakimbilia dirisha, ikiwa unaweza kusema mtu hukimbia ndani ya maji. Dirisha lilikuwa na vyuma. Vyuma vizuri, vinene, vya kuzuia wezi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimamia fundi siku vilipochomelewa, akamwambia aongeze viwili.

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita nitasema upesi, maana maji hayangoji mtu. Sifuna ni keateka, mtunzaji wa ploti ya vyumba kumi na viwili kule bondeni Mwihoko, mali ya Mzee Kinyanjui ambaye mwenyewe anaishi Kalimoni, mahali pakavu. Sifuna ni mtu wa Bungoma, umri miaka arobaini na mmoja, mpole, na kanisani huimba sauti ya nne. Wilkister, binti wa bibi huyu, aliletwa kwenye ploti na Sifuna mwenyewe Desemba iliyopita. Walikuwa wakiimba kwaya moja.

Wilkister na mamake walitoka Budalang'i. Kama hujui Budalang'i, muulize yeyote aliyezaliwa huko ni mara ngapi amehama usingizini. Wilkister alitaka kitu kimoja tu katika nyumba: isiwe ya mafuriko. Akamuuliza Sifuna mara tatu. Mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili getini, mara ya tatu akiwa ndani ya nambari tisa, ameweka kiganja ukutani. Mara zote tatu Sifuna alimjibu hivi: "Dada, maji hayajawahi kufika hapa."

Yalikuwa yamefika. Mwaka mmoja kabla ya korona yalimfika mtu mzima kifuani na yakakaa siku mbili.

Yalipoondoka yaliacha mstari wa matope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, chumba hadi chumba. Ukiusugua, unarudi. Ukiupaka chokaa, unarudi. Mzee Kinyanjui akaleta madebe matatu ya rangi ya mafuta, ya kahawia. Unavijua vyumba vya kupangisha vilivyo: chini hupakwa rangi nzito ya kuficha uchafu, juu rangi nyepesi. Kwingine ile rangi ya chini huishia kiunoni. Kwenye ploti hii ilipanda hadi kwapani, na wapangaji walikuwa wakicheka kwamba fundi wa rangi lazima alikuwa mtu mrefu sana.

Fundi wa rangi alikuwa Sifuna.

Na usidhani alimdanganya Wilkister kwa ubaya. Chumba nambari tisa kilikuwa kimekaa kitupu miezi minne, na Mzee Kinyanjui alikuwa amemwambia kwamba kisipopata mtu kabla ya Krismasi, angemleta mpwa wake awe keateka. Sifuna aliogopa. Mtu mwenye hofu hujiambia mengi. Alijiambia kwamba mvua kama ile huja mara moja katika maisha ya mtu.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumamosi, mwisho wa Aprili, na mvua ya mara moja katika maisha ilikuwa imerudi kumtafuta.

"Sifuna! Buda, toka huko!" Alikuwa Musembi, kijana wa kuchomelea mageti, amesimama juu ya ukuta wa ploti na kamba begani. "Maji inapanda! Unangoja nini?"

"Kuna mtu ndani!"

"Nani?"

"Mamake Wilkister!"

"Haki ya Mungu! Na Wilkister mwenyewe?"

"Yuko kiwandani Ruiru. Kiwanda hakijui mvua. Lete kamba, tupitie juu!"

Wakapanda kwenye jukwaa la tangi la maji, wakatambaa hadi juu ya nambari tisa. Musembi alitia mtaimbo chini ya bati, likalia, likanyanyuka. Chini yake hakukuwa na dari. Wapangaji walikuwa wamelilia dari miaka na miaka. Siku hiyo ubahili wa Mzee Kinyanjui ulifanya kazi ya Mungu.

Sifuna akateremka.

Mama Wilkister alikuwa ameketi kwenye kitanda cha juu cha deka ya ghorofa mbili, miguu ameikunja, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama anayengoja ibada ianze. Shingoni alikuwa amening'iniza mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Ndani yake mlionekana Biblia, kitambulisho, dawa za presha na redio ndogo.

"Mama, goti lako lilipandaje hapo?"

"Goti langu likiona maji hupona. Mulembe, mwanangu."

"Mulembe, mama. Nipe mkono twende."

Hakumpa mkono.

"Kwanza njoo uone kitu."

"Mama, maji yanapanda!"

"Nayaona. Nimeyatazama tangu saa mbili. Njoo."

Kwenye ukuta wa chumba kile kulikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, yenye picha ya ng'ombe mweupe na mweusi. Ilikuwa imetundikwa chini kupita kiasi, kifuani mwa mtu. Wilkister alizoea kumtania mamake kwamba ameitundikia watoto wa chekechea, na mamake humjibu kwamba macho yake yamezoea kutazama chini. Sasa miezi ya mwisho ya mwaka ilikuwa imelowa tayari.

Mama Wilkister alinyoosha mkongojo, akaisukuma kalenda kando.

Nyuma yake rangi ya kahawia ilikuwa imekwanguliwa, upana wa kijiko, urefu wa kiganja. Na katikati ya pale palipokwanguliwa ulikuwapo ule mstari. Sifuna aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Maji yalikuwa shubiri moja chini yake.

"Huu ni wa mwaka gani?" bibi aliuliza.

Sifuna aliugusa mstari kwa kidole.

"Mnapiga stori?" Musembi alifoka kutoka juu. "Leta mama, bana!"

"Mwaka gani, mwanangu?"

"Kabla ya korona," Sifuna alisema. "Mwaka mmoja kabla."

"Na aliyepaka ni wewe."

"Ni mimi."

Aibu ilimshika mwili mzima. Angetamani bibi amtukane, au ampige kwa mkongojo ule wa mpera, apige mpaka uvunjike. Bibi hakufanya hivyo. Aliitikia kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo.

"Ukuta ukishakunywa maji huwa na harufu yake," alisema. "Mimi nimelala na harufu hiyo miaka sabini. Wiki ya pili tangu tuhamie nilichukua kijiko, nikakwangua. Nikaona. Nikaenda nikaomba kalenda kwa wale wa dawa za ng'ombe, nikaitundika hapo."

Sifuna alimkodolea macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Desemba?"

"Tangu Desemba."

"Na hukumwambia Wilkister?"

Bibi alikaza fundo la mfuko shingoni.

"Hukumsikia akiimba akipika? Tangu bwanake afe sikuwa nimemsikia akiimba. Siku tumeingia hapa alipika ugali akaimba mpaka jirani akagonga ukuta. Na ningesema, angehama. Hana pengine pa kuniweka mimi. Angenirudisha kwa kaka yake, kule karibu na tuta la mto. Hiyo nyumba inaingia maji hata kabla mvua haijanyesha." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nimechoka kuhama, Sifuna. Nilijiambia, labda nitakufa kabla mvua kubwa haijakuja."

"Mama..."

"Sasa nisikize. Wewe ulificha, mimi nikafunika. Tuko wawili. Wilkister asijue. Akijua atatuchukia wote, na mimi sina binti mwingine. Tunyamaze."

Akairudisha kalenda mahali pake. Kisha ndipo akampa mkono.

Utadhani mzigo ukibebwa na wawili huwa mwepesi. Sifuna alimfunga bibi kamba chini ya kwapa, Musembi akavuta, yeye akamsukuma kwa chini, na wakati huo wote alihisi mzigo wa moyoni umekuwa mara mbili. Wa kwanza alikuwa ameuzoea. Huu wa pili alikuwa amekabidhiwa na mtu aliyemkosea.

*

Kufikia saa sita watu wa bondeni walikuwa wamejaa katika ukumbi wa kanisa kule juu, barabara ya kuelekea Kiuu. Akina mama wa kanisa walikuwa wakigawa chai kwenye vikombe vya plastiki. Mbuzi wa mtu alikuwa ameingia na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa.

Na Sifuna alikuwa shujaa.

"Maji ilikuwa imemfika hapa!" Musembi aliwaambia watu, mkono kwenye shingo yake. Alipoanza kusimulia maji yalikuwa kifuani. "Namwambia buda toka, anakataa! Ati kuna mtu! Anaingia kwa paa kama komando!"

Watu wakapiga makofi. Wangeci wa mboga, aliyesababisha makosa yale ya hesabu, alilia akamshika mikono. "Ngai! Mimi nilijua mama yuko nyuma yangu tunatembea. Kumbe niko na mtu mwingine. Mungu akubariki, Sifuna, mimi ningejisameheaje?"

"Si makosa yako," Sifuna alimjibu. Ndilo neno la pekee la kweli alilolitamka asubuhi hiyo mbele za watu.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa kwa kishindo. Wilkister aliingia mbio, bado amevaa koti la bluu la kiwandani, matope hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka Ruiru kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Alimwona mamake, akapiga ukelele, akamkumbatia hata kitambaa cha kichwa kikatoka.

"Nimekaa tu juu ya kitanda," mamake alisema. "Usiniue sasa wewe."

Akina mama wa kanisa walimpa Wilkister blanketi moja, la zambarau, zito. Yalikuwa machache, moja kwa kila nyumba. Wilkister alilitazama, kisha akavuka ukumbi mpaka aliposimama Sifuna akitetemeka kwa nguo mbichi, akamfunika mabegani. Halafu akapiga magoti, mbele ya watu wote.

"Kaka, umenirudishia mama."

"Inuka, dada."

"Siinuki. Nilipopigiwa simu nilijua nimempoteza. Nilitembea nikijiambia, huyu mtu nilimtoa Budalang'i nimlete kufa Mwihoko. Kaka, nikupe nini?"

"Inuka, tafadhali. Nakuomba."

Akamwinua kwa nguvu. Hakuweza kumtazama. Blanketi lilikuwa na joto na alilihisi kama anaungua nalo. Kule kwenye benchi Mama Wilkister alikuwa akinywa chai, macho yake yamemtulia usoni. Macho yale yalisema neno moja: tunyamaze.

Na hapo ndipo Mzee Kinyanjui alipofika, gambuti mpya miguuni, mwavuli mkononi. Alisalimia watu, akatoa pole kwa sauti ya mazishi, kisha akamvuta Sifuna kando penye mitungi ya maji.

"Atĩrĩrĩ, Sifuna. Umefanya poa sana. Nimesikia. Sasa kuna mama ametoka kaunti, anaandika andika. Akiuliza, maji haijawahi fika kwa ploti. Si ndiyo?"

"Mzee, yamefika leo."

"Leo ni leo! Leo imefika hata kwa pasta! Mimi nasema zamani. Akisikia iliwahi fika, kesho wanakuja na ile rangi nyekundu, wanachora X kwa ukuta, wiki ijayo tingatinga. Sasa hawa watu wataenda wapi? Wewe utaenda wapi? Miaka tisa umekaa kwangu. Mimi nimewahi kukukosea?"

Sifuna alizitazama gambuti zile mpya.

"Maji ikishuka nitaleta rangi," Mzee Kinyanjui alisema, akampigapiga begani juu ya blanketi la Wilkister. "Safari hii tupake kijani. Watu wamechoka na kahawia."

*

Afisa wa kaunti alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Ndinda, kwa sura mtu asiyependa maneno mengi. Alipanda kwenye jukwaa la kwaya na faili lake, akagonga kikombe kwa kalamu mpaka watu wakatulia.

"Poleni wote. Nitauliza swali moja kwa kila ploti, na mjue kwa nini nauliza. Watu wa hali ya hewa wanasema Jumatano kuna mvua nyingine, kubwa kuliko hii. Ploti ambayo maji yameingia mara ya kwanza leo, mkitaka mtarudi, mtaangalia wenyewe. Ploti ambayo maji yaliwahi kuingia hapo awali ni njia ya mto. Hapo simruhusu mtu kulala hata siku moja." Akafungua faili. "Ploti ya Bwana Kinyanjui. Maji yaliwahi kufika?"

"Hapana, madam," Mzee Kinyanjui alijibu. "Tangu nijenge."

"Kuna mpangaji amekaa hapo zaidi ya miaka mitano?"

Hakukuwa. Wa zamani waliihama ploti baada ya yale mafuriko, na waliokuja baada yao walikuta kuta za kahawia. Watu walianza kutazamana. Ndipo Wilkister aliposimama.

"Madam, mimi natoka Budalang'i, maji naijua. Kabla niingie hiyo nyumba nilimuuliza kaka Sifuna mara tatu. Mara tatu! Akaniambia haijawahi. Na huyu ndiye ametoa mama yangu kwa paa leo. Mtu wa namna hiyo hawezi kunidanganya." Akageuka kwa wapangaji wenzake. "Hii mvua ni ya bahati mbaya tu. Mimi jioni maji ikishuka narudi kusafisha nyumba yangu. Mwenye anarudi tuende pamoja, tusaidiane."

"Tunarudi!" mmoja alijibu.

"Tutaenda wapi kwingine?" akadakia mwingine. "Turudi!"

Mzee Kinyanjui alitabasamu. Ndinda akaweka kalamu kwenye karatasi.

Sifuna alimtazama Mama Wilkister. Bibi alikuwa akitikisa kichwa, kidogo sana, kiasi kwamba mwingine angedhani ni uzee. Usiseme.

Na angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote. Ukumbi wote ulikuwa umempenda, mwenye nyumba alikuwa amemshukuru, na hata yule aliyemkosea alikuwa amemwomba asiseme. Lakini Sifuna aliiona Jumatano. Aliuona mlango wa nambari tisa unaofungukia ndani, kabati limelala nyuma yake. Aliviona vyuma vya dirishani, viwili vya ziada alivyoviagiza mwenyewe. Akamwona Wilkister pia, safari hii akiwa hajaenda kazini.

Mficha uchi hazai, wazee walisema.

"Yaliwahi," Sifuna alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kalamu ya Ndinda ilisimama.

"Nani amesema?"

"Mimi. Keateka." Akasogea mbele. Miguu yake ilikuwa mizito kuliko ilivyokuwa ndani ya maji. "Mwaka mmoja kabla ya korona. Yalifika hapa." Akaonyesha kifua chake. "Siku mbili. Yalipoisha yaliacha mstari, na mimi ndiye niliupaka rangi usionekane. Vyumba vyote kumi na viwili. Ndiyo sababu kahawia imepanda juu vile. Nilijua, na nikawaambia watu hayajawahi."

Mbuzi alisikika akitafuna kitu.

Wilkister alimwendea polepole.

"Nilikuuliza mara tatu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Mara ya tatu nilikuwa nimeweka mkono kwa ukuta."

"Ndiyo."

"Ulikuwa juu ya huo mstari? Mkono wangu?"

Sifuna alitaka kusema hakumbuki. Alikumbuka vizuri sana. "Chini yake kidogo," alijibu.

Hakupiga kelele. Hakumpiga kofi, ingawa wapo waliolingoja. Alinyoosha mikono miwili, akalitoa lile blanketi la zambarau mabegani mwa Sifuna, akalikung'uta mara moja, kisha akarudi nalo kwenye benchi na kuanza kumfunika mamake. Baridi ilimwingia Sifuna hadi kwenye mifupa. Aliona ni haki yake.

"Huyu amekunywa maji chafu!" Mzee Kinyanjui alifoka. "Madam, usimwandike! Amechanganyikiwa! Mstari gani? Nani ameuona? Kuta zangu ni safi, twende uangalie sasa hivi! Haiya, Sifuna, uonyeshe watu huo mstari wako! Uko wapi?"

Ndinda alimgeukia Sifuna. "Una ushahidi? Bila ushahidi ni neno lako na neno lake."

Na Sifuna, kwa hasira na kwa aibu, akiwa amechoka kuonekana mwongo hata siku aliyosema kweli, alijibu bila kufikiri.

"Uko! Chumba nambari tisa, nyuma ya kalenda ya ng'ombe. Rangi imekwanguliwa. Maji yakishuka tu utauona kwa macho yako."

Alipokwisha kusema ndipo alipojisikia alichosema. Loo! Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa ameungama dhambi yake na kwa pumzi ileile akamfichua bibi wa watu.

Mikono ya Wilkister ilisimama kwenye mabega ya mamake.

Kona ya blanketi ilibaki kidoleni. Mtu angeyasoma mawazo yake usoni, moja baada ya jingine: kalenda iliyotundikwa chini kupita kiasi, utani wa miezi mitano, macho yaliyozoea kutazama chini. Mama Wilkister hakuinua uso. Alikiweka kikombe cha chai sakafuni.

"Kaka Sifuna," Wilkister alisema, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo kama ya mtoto. "Leo umeanza kusema ukweli. Basi usiachie njiani. Ile kalenda iliwekwa na mama. Mama alijua?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Sifuna.

Bibi aliuinua mkongojo wake wa mpera, akagonga sakafu mara moja.

Ko.